Fingo Ndani ya Kiatu Changu cha Mlima

Leo nimeaibika. Mbele ya mama, mbele ya mgeni wa mama, na mbele ya bata. Naandika nimejifunika mablanketi mawili, nywele zinanuka mfereji, na mdogo wangu Rukia yuko chini anacheka mpaka sauti inapita kwenye sakafu. Bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwake.

Nianze na mgeni. Anaitwa Bwana Bahram. Muirani, mtu mzima, mkewe alifariki zamani. Ana duka dogo la kurekebisha nguo hapa hapa Edmonton, ughaibuni tunakoishi. Mama alimpelekea koti la kazini likapunguzwe mikono. (Mama anatunza wazee majumbani kwao, na koti alilopewa lingemtosha mzee pamoja na kitanda chake.) Koti likapunguzwa. Ikafuata sketi. Yakafuata mapazia. Nilipomwona mama anatoka na mto wa kochi kwapani, nikajua hapa hakuna tena habari ya ushonaji.

Baba alitutoka miaka saba iliyopita. Tangu siku hiyo mwanamume wa nyumba ni mimi, Haji, miaka ishirini na mitatu, mpanga maboksi ghalani. Sikusoma sana lakini macho ninayo. Nikaanza kumchunguza huyu bwana.

Kwanza, mlima. Duka zima lina picha moja tu ukutani, ya mlima mrefu wa kwao unaoitwa Damavand, mweupe kichwani, umesimama peke yake kama mtu aliyegombana na wenzake. Zamani ulikuwa unatapika moto. Ukiingia pale na suruali, unatoka na suruali na habari za mlima. Sasa mnanijua, mtu akinizungumzia milima nampenda hapo hapo. Mimi ndiye mwenye viatu vya kupandia milima, nilivinunua mwaka juzi kwa ajili ya Kilimanjaro, na mpaka leo asubuhi mlima pekee niliokuwa nimeupanda navyo ni ngazi za nyumbani. Mara moja. Kuvijaribu. Lakini huyu bwana nilimwekea alama ya kuuliza. Mtu anayeusifia mlima kiasi kile, kuna kitu anakificha nyuma yake.

Pili, adabu zake zilizidi. Siku ya kwanza kuja kwetu, mama alimwambia kwa fahari kwamba sisi ni Washirazi, babu zetu walitoka kwao Uajemi. Yeye akauliza kwa heshima zote, walikuwa wanakaa mtaa gani pale Shiraz? Mama akafikiri kidogo, akataja mji wetu wa Pemba: "Wete." Bwana Bahram akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeujua mtaa wenyewe. Mtu mkweli angecheka.

Tatu, na hapa nilikosa usingizi, ni nyoka. Wiki mbili zilizopita walikuwa sebuleni wanakunywa chai, na mimi niko kwenye ngazi nafunga kamba za viatu. (Nilikuwa nimevaa ndara.) Nikamsikia anamsimulia mama kwa kile Kiingereza chake cha polepole: ndani ya ule mlima kuna mfalme amefungwa minyororo. Mabegani ameota nyoka wawili. Na kila siku nyoka wale lazima walishwe ubongo wa vijana wawili.

Mama akasema, "Maskini." Akamwongeza chai.

Mimi nikahesabu. Nyumba yetu ina vijana wangapi? Mimi na Rukia. Wawili kamili, hapungui mtu wala hazidi. Nikampandia Rukia chumbani kumpa taarifa. Akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakitumii, kwamba ubongo wake ana mtihani nao, kwa hiyo wachukue wangu mara mbili.

Basi Ijumaa mama akanikalisha chini. Akasema Jumapili Bwana Bahram atakuja kula chakula cha mchana, na ana neno anataka kuniuliza mimi. Akasema hivyo huku anakunja taulo ambayo alishaikunja. Nikaelewa. Kwetu mwanamke haposwi hewani, hata akiwa mjane mwenye kodi yake mwenyewe. Neno lazima lipite kwa mwanamume wake wa karibu. Babu hayupo, wajomba wako Pemba, nimebaki mimi. Mama yangu anaposwa, na jibu linatakiwa litoke kinywani mwangu.

Na niwaambie ukweli, roho iliniuma. Kwa sababu miaka saba sikuwahi kumsikia mama akicheka jikoni peke yake, na siku hizi anacheka. Sitaki kumnyima. Lakini sitaki pia tuliwe ubongo.

Leo asubuhi nikaamka na harufu. Ilikuwepo tangu Alhamisi, harufu ya yai viza. Mimi nilisema ni bomba la choo, Rukia alisema ni mimi. Leo nikaamua kuifuata kwa pua. Ikanishusha ngazi, ikanipeleka kwenye kile kijistoo cha chini ya ngazi, ikanisimamisha mbele ya boksi la viatu vyangu vya mlima. Nikafungua. Ndani ya kiatu cha kushoto kulikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa kwa uzi mweusi.

Nikakifungua kwa ncha za vidole. Jiwe. Limejaa matundu, na ndani ya matundu kuna ungaunga wa manjano, na huo ndio unaonuka. Nikalipima mkononi: jepesi kama mkate mkavu. Jiwe gani halina uzito? Chini yake karatasi imekunjwa mara nne, imeandikwa. Sasa mimi kwenye chuo cha Kurani nilikaa miaka tisa. Sielewi ninachosoma lakini nasoma, hakuna herufi ya Kiarabu itakayonipita bila kunisalimia. Humu nikakuta herufi ambayo Kiarabu hakina, ina vitone vitatu chini. Vitatu. Chini. Maalim wetu angeiona angefunga darasa.

Wenye damu ya Pemba wameshaelewa, nawaona mnavyotikisa vichwa. Kwa wengine nieleze: kitambaa chekundu, uzi mweusi, maandishi, uvundo, kimefichwa ndani ya nyumba pasi na mwenyewe kujua. Hilo linaitwa fingo. Mtu anakuwekea ili akutawale. Na hili limewekwa ndani ya kiatu, maana yake nikanyage anapotaka yeye. Siku ya posa nitafungua mdomo niseme langu, litatoka lake.

Nikampigia bibi yangu Wete. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Muulize mama yako." Kisha akaniuliza kama huku kuna baridi, akakata. Bibi amezeeka, nikajisemea, hajui tena mambo haya.

Nikampigia rafiki yangu Masoud. Masoud anauza simu Ilford, si mbali na kwetu, kazaliwa Ilford, Pemba hajawahi kuikanyaga, kwa hiyo anajua kila kitu. Sauti yake ikashuka.

"Usilishike kwa mkono mtupu," akasema. "Lipeleke kwenye maji yanayokwenda. Geuza mgongo, litupe kwa juu ya bega la kushoto, kisha ondoka. Usigeuke nyuma, Haji. Ukigeuka linarudi na wewe."

Nikamuuliza kayajulia wapi. Akasema watu wanajua.

Nikachukua glavu ya mama ya jikoni, ile ya kutolea vitu kwenye oveni, yenye picha za paka. Nikafunga kila kitu kama kilivyokuwa, jiwe na karatasi yake, nikaenda mpaka kwenye mfereji. Nikasoma Ayatul Kursi mara tatu. Nikageuza mgongo, nikatupa. Nikasikia chubwi. Sikugeuka. Nimerudi nyumbani mwendo wa dakika ishirini shingo imekaza kama mlingoti, mkononi glavu ya paka, mpaka mama mmoja aliyekuwa anakimbia mazoezi akapunguza mwendo kuniuliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu bila kumtazama. Alikuwa nyuma yangu.

Nilijiona shujaa, jamani. Nimeiokoa nyumba kabla ya saa nne asubuhi.

Baada ya adhuhuri mgeni akaingia. Suti ya kijivu, maua meupe, boksi la peremende za kwao. Mama amevaa dira jipya na amepika biriani ambayo kwa kawaida tunaiona Iddi mpaka Iddi. Nikamkalisha Bwana Bahram mahali ambapo mikono yake yote miwili naiona. Nikasoma bismillahi kwa sauti ya kuongoza msikiti. Nikasubiri ale tonge la kwanza, alitafune, limshuke, ndipo na mimi nikagusa sahani. Muda wote namtazama mabega. Koti lilikuwa limeinuka kidogo pande zote mbili. (Ni fundi nguo, ametia pamba. Hili nimelifikiria sasa hivi ndani ya blanketi.)

Katikati ya chakula akanigeukia. "Mama yako ameniambia unapenda milima."

Nikasema napenda milima ya kawaida.

Akatabasamu. Akaanza kusimulia, na kwa mara ya kwanza nikamsikiliza bila kuhesabu vijana. Baba yake alikuwa mtu wa nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi. Kazi yake kupandisha mizigo ya wasafiri kwenye mlima ule wa Damavand, maisha yake yote, lakini nyumbu huishia katikati, basi na yeye akawa anaishia katikati. Wageni wanaendelea juu, yeye anabaki chini na wanyama. Mpaka mwaka mmoja akawaacha nyumbu kwa kaka yake, akapanda mwenyewe hadi kileleni, pale moshi unapotokea kwenye mashimo. Akachukua kitu kimoja akamletea mwanawe. Bwana Bahram alipokimbia nchi yake akiwa kijana, alitoka na begi dogo sana. Nguo mbili, mkasi, na kitu kile.

Kijiko changu kikasimama njiani.

Nikauliza yule mfalme wa nyoka je. Akacheka, akasema hizo ni hadithi alizokuwa anasimuliwa na bibi yake ili alale mapema. Walimfunga mlimani ili vijana wa mji wapone. Ndiyo raha ya hadithi yenyewe, akasema, vijana wanapona.

(Sehemu hiyo sikuisikia. Nilikuwa nimeshapanda kwa Rukia.)

Mama akafuta mikono. Macho yake yanang'aa kama ya mtoto aliyeficha kitu. "Haji," akasema, "hebu kalete viatu vyako vya mlima."

Nikasogeza sahani. "Nimevipeleka kwa fundi."

"Fundi gani?" akauliza Bwana Bahram, kwa upendo kabisa, kama mtu anayeulizia wenzake wa kazi.

Nikataja mtaa. Nimeutaja tu. Rukia akasema kwa Kiingereza kwamba viatu viko chini ya ngazi, ameviona asubuhi, na akainuka kuvileta kabla sijamkanyaga mguu. Boksi likawekwa mezani, katikati ya biriani na maua. Mama akatia mkono kwenye kiatu cha kushoto. Akatia cha kulia. Akarudi cha kushoto, akaingiza mpaka kiwiko.

"Nilikiweka humu Alhamisi," akasema taratibu. "Nikasema humu ndimo asimogusa miaka miwili."

Bwana Bahram akasema labda kimeanguka, akainuka, akapiga magoti na suti yake mbele ya kijistoo cha chini ya ngazi, akaanza kupapasa gizani kati ya ndoo na mwavuli. Mtu mzima yule. Nilimtazama mgongo nikashindwa.

"Nimekitupa," nikasema. "Mfereji. Nilidhani ni fingo."

Mama akafumba macho. Bwana Bahram, bado yuko chini, akauliza fingo ni nini. Sasa jaribuni kupiga picha: mama yangu, siku ya posa yake, na dira lake jipya, anamweleza mchumba kwa Kiingereza kwamba mwanawe alidhani amemroga. Alianza mara tatu. Alitumia mikono. Rukia akalala juu ya meza kwa kicheko. Alipomaliza, Bwana Bahram akasema hakuna neno, jiwe ni jiwe. Lakini mkono wake ukawa unagusagusa mfuko wa koti, kama mtu anayetafuta kitu kilichozoea kuishi mle.

"Vaa viatu," mama akaniambia.

Ndivyo viatu vyangu vya mlima vilivyotoka nje kwa mara ya kwanza. Tukaenda wote wanne. Nikawaonyesha mahali. Maji ya kijani, mazito, huoni hata sentimita. Nikaanza kuvua koti nizame, maana sikuwa na uso wa kurudi nao nyumbani.

"Uliliona likizama?" akauliza Bwana Bahram.

"Sikugeuka. Niliambiwa nisigeuke."

Akanitazama. Mdomo ukamtetemeka. Kisha yule bwana akacheka, jamani, akacheka mpaka akashika mti. Lile jiwe, akatueleza, mlima ulilitapika likiwa povu, povu likaganda na hewa ikabaki ndani. "Halizami," akasema. "Hata ulitupe baharini."

Mama akauliza, "Kama lile jiwe la kusugulia miguu?"

"Ndugu yake kabisa."

Tukatazama maji yanakokwenda. Kule kwenye lango la mfereji, kati ya chupa na majani na mpira wa mtoto, kuna kitu chekundu kinaelea. Na juu yake ameinamisha shingo bata maji, yule mweupe mkubwa mwenye shingo ndefu, anavuta kitambaa apeleke kwenye kiota chake.

Nikaenda. Nikalala ukingoni, nikashika ncha moja ya kitambaa. Yeye ana ya pili. Tukatazamana. Nikamwambia kwa upole kwamba ni mali ya watu. Akanizomea, akafungua mbawa, na mbawa za yule ndege mkiziona karibu mtafikiri anaanua shuka. Akanipiga moja ya mkono. Nikashika jiwe, kitambaa akabaki nacho yeye, ukingo ukateleza, nikaingia. Maji mpaka kifuani, baridi ya kusahaulisha jina. Viatu vya mlima vikajaa, vikanisimamisha chini ya mfereji kama nanga. Kwenye boti iliyoegeshwa hapo bwana mmoja aliweka chini mkate wake akatoa simu. Nikamsikia mama anapaza sauti, "Usiliachie!" Nikadhani ananisihi kuhusu uhai. Alikuwa anasema jiwe.

Aliyenitoa ni Bwana Bahram. Alilala kifudifudi kwenye tope na suti yake, akanishika kiwiko, akavuta. Karatasi ilikuwa imenaswa kwenye kiganja changu pamoja na jiwe. Imelowa, lakini maandishi yamebaki, aliandika kwa ile penseli yake ya kuchorea vitambaa. Nikamwonyesha ile herufi yenye vitone vitatu chini. Nikamuuliza, meno yanagongana, hili neno la hapa ni nini?

Akalitazama, akaona haya kidogo.

"Mwanangu," akasema.

Karatasi yote ni mstari mmoja wa Kiajemi. Inasema: mwanangu Haji, ukifika juu ya mlima wako, lipumzishe jiwe hili hapo dakika moja, kwa niaba ya mtu wa nyumbu.

Nikaikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa. Na yeye akachagua wakati huo huo, tope kifuani, maua kayaacha nyumbani, kunyoosha koti na kuniuliza neno lililomleta. Kama ningeridhia amwoe mama. Mama akageuka akamtazama bata, anajifanya hasikii.

Nilitaka kujibu kiume. Taya zikagoma. Nikatikisa kichwa juu chini, juu chini, pamoja na mabega na magoti.

"Hiyo ni ndiyo au ni baridi?" mama akauliza, bado kampa bata uso.

"Vyote," nikasema.

Sasa jiwe liko juu ya radieta ya kupashia nyumba joto linakauka na nyumba nzima inanuka yai, na hakuna anayelalamika. Viatu viko pembeni yake. Masoud ametuma meseji kuuliza kama dawa imefanya kazi, sijamjibu.

Msinicheke, naomba. Rukia ameshanicheka kwa niaba yenu wote. Amepita mlangoni hivi punde, na kwa mara ya kwanza mwaka huu amesema Kiswahili, ili nielewe vizuri: wale nyoka wa Damavand wangekuja kwangu kutafuta ubongo, wangerudi mlimani na njaa yao.